Dorothy Naliaka, Aliyekataa Kupima Moshi Usiokuwepo

Bi. Dorothy Naliaka, Mkaguzi Mkuu wa Kitengo cha Usalama wa Mabasi ya Mji hapa Kakamega, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kutumika kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe. Asiyeamini akamuulize.

Afisi ya mawasiliano imeniomba niandike ukurasa mmoja, wenye uchangamfu, usiotaja mambo ya mwaka jana. Ukurasa mmoja umenishinda. Uchangamfu nitajaribu. Hilo la tatu sitalifanya. Ignatius, anayehariri jarida hili, hupitisha makala kwa kutazama urefu wake tu, kwa hiyo natumaini tutafika mwisho salama. Mjini humu yapo mabasi saba ya umeme ambayo hakuna aliyewahi kuyakagua sawasawa, na yupo mwanamke mmoja aliyelisema hilo akaadhibiwa. Hiyo ndiyo habari ya kustaafu kwake. Mengine ni keki.

Alizaliwa Musanda, nyumbani kwa mkulima wa miwa, na mwalimu wake wa kwanza wa ufundi alikuwa trekta moja la kukokota miwa lililozoea kuzimikia mbele ya boma lao. Alikuwa akimshikia dereva spana. Baada ya muda dereva ndiye aliyekuwa akimshikia yeye.

Siku aliyoripoti kazini, Septemba 1992, askari wa lango alimpeleka moja kwa moja kwa makarani, akidhani ndiye mpiga chapa mpya. Alipewa barua nne, akazipiga zote bila kosa, kisha akauliza ovaroli yake iko wapi. Iliyokuwepo ilikuwa ya mwanamume wa futi sita. Aliipunguza, akaishona upya kwa mkono, na kitambaa kilichobaki akakitengenezea mfuko wa nyundo.

Nyundo ndiyo chombo chake. Hugonga kila nati ya gurudumu mara moja na kusikiliza. Nati iliyokaza hutoa sauti kavu, iliyolegea hulia kama kikombe chenye ufa. Mashine za kisasa zilipoletwa alizitumia bila ubishi, lakini alizianza baada ya nyundo, na mara mbili mashine ilisema ndiyo nyundo ikasema la, na nyundo ndiyo iliyosema kweli.

Aliweka pia desturi ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria: anayetia sahihi hupanda. Ukishalipitisha basi, unaingia ndani, unaketi kiti cha nyuma kabisa juu ya ekseli, unakwenda nalo mpaka Khayega na kurudi kabla halijabeba abiria hata mmoja. Si mkaguzi peke yake, hata shahidi wake. Wavivu waliichukia desturi hiyo. Wengi wao walikumbuka ghafla kwamba basi walilolisifu yadini, pale uwanja wa ukaguzi, lina kasoro, mara tu walipoambiwa wapande.

Wapo waliojaribu njia ya mkato. Mwaka 2009 basi la Andati, dereva wa njia ya Malava, liliangushwa kwenye ukaguzi mara tatu kwa sababu ya breki. Mara ya nne Andati hakuleta breki, alileta jogoo. Sisi watu wa huku tunaijua heshima ya kuku, na mgeni asiyechinjiwa ingokho anaweza kusema hakufika. Lakini kuku wa mgeni ni mmoja na kuku wa cheti ni mwingine. Naliaka alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza mezani, akamkagua, akaandika katika daftari la yadi: “Jogoo mmoja. Miguu imara. Taa za mbele zinawaka. Breki hana.” Kisha akamrudisha, na Andati akatakiwa atie sahihi kwamba amempokea. Alirudi stendi akilalamika kwa sauti: “Yule mama anaangushanga kila kitu! Hata ingokho yangu ameangusha!”

Wiki iliyofuata Andati alifunga breki mpya. Miezi michache baadaye breki hizo zilimsimamisha hatua chache kutoka kwa watoto wa shule waliokuwa wakivuka barabara. Tangu mwaka huo, kila Krismasi hupeleka kuku nyumbani kwa Naliaka, na huko hupokewa, huliwa kwa obusuma, ugali wetu wa huku, wala daftari halifunguliwi.

Basi, uchangamfu nimeutimiza. Sasa tuseme ukweli.

Umeenezwa uvumi, na najua ulikoanzia, kwamba Bi. Naliaka ni mtu wa dizeli aliyeogopa umeme. Uongo mtupu. Mwanamke huyu amevuta moshi wa mabasi kwa miaka thelathini, na kikohozi chake cha asubuhi tunakijua sote. Akiwa na miaka hamsini na saba alitumia likizo yake ya mwaka kwenda Nairobi kusomea magari ya umeme, wiki sita, darasani na vijana wa umri wa kitinda mimba wake. Aliongoza darasa. Alirudi na glavu nene za mpira zinazofika kwenye kiwiko, akazitundika karibu na mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Siku alipopanda basi la umeme kwa mara ya kwanza alifumba macho njia nzima. Aliposhuka alituambia, akifurahi kabisa: “Hii gari iko kimya. Nasikia mpaka nati.” Aliyataka mabasi haya kuliko wote waliokata utepe.

Mabasi saba yalifika Machi mwaka jana. Fomu yetu ya ukaguzi ilikuwa, na bado ni, ile ya zama za dizeli. Ina nafasi ya kiwango cha moshi, nafasi ya oili ya injini na nafasi ya bomba la moshi, na kompyuta haikubali nafasi yoyote iachwe wazi. Siku mbili kabla ya uzinduzi, vyeti saba vililetwa yadini vikiwa vimekwisha jazwa, vinangoja sahihi mbili tu, ya mkaguzi na ya shahidi. Naliaka alivaa miwani akasoma. Moshi: 1.3, umepita. Oili ya injini: safi. Bomba la moshi: imara. Vyote saba, neno kwa neno.

Basi la umeme halina injini ya kutia oili. Halina bomba. Halina moshi. Kuna mtu aliyeketi mahali fulani, pengine katika ukumbi wa hoteli, akaandaliwa chai na sambusa, akapima moshi wa magari saba yasiyotoa moshi, na kipimo kikawa kile kile mara saba! Naliaka alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaacha kucheka, nami sijawahi kumwona na uso kama ule. Aliyeandika moshi usiokuwepo hakuyaona mabasi, na kama hakuyaona, basi hakuna lolote katika vyeti vile la kuaminika.

Alidai basi moja liletwe mbele yake. Lililetwa namba nne. Aliukata umeme, akajaribu kufungua mlango, ukagoma. Mkono wa dharura wa kuufungua ulikuwepo, lakini ulikuwa umefunikwa na bango la matangazo lililokazwa kwa skrubu sita. Chini ya sakafu, mpira wa kuzuia maji kwenye sanduku la betri ulikuwa umejikunja upande mmoja. Aliandika ripoti ya kurasa mbili. Hakutia sahihi. Juu ya kila cheti aliandika kwa wino mwekundu: “Gari hili halina moshi. Leteni gari, si karatasi.”

Vyeti vipya vilichapwa jioni ile ile, vikapata sahihi, na mabasi yakazinduliwa kwa ngoma na mahema. Mkurugenzi wetu, ambaye simtaji jina kwa kuwa picha yake iko ukurasa wa pili na tena wa tano, alimwandikia Naliaka barua ya onyo kwa kosa la kuhujumu mradi wa maendeleo. Akahamishiwa stoo ya faili. Mwanamke anayeitambua nati kwa sauti yake akapewa kazi ya kupanga faili za magari yaliyokwisha kuwa vyuma chakavu. Alizipanga, na mpaka leo ukitaka faili yoyote unaipata kwa dakika moja. Hata adhabu aliifanya vizuri, na hilo nalo liliwaudhi.

Jumatano, tarehe 22 Mei mwaka jana, mvua ya saa tisa ilinyesha kama ilivyo desturi yake. Basi namba nne, likiwa na abiria thelathini na wanne, liliingia kwenye maji bondeni, barabara ya Malava, likazima. Mlango ukagoma. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda kutoka chini ya sakafu. Kondakta, msichana anayeitwa Sumaiya aliyekuwa na mwezi wa pili kazini, aliutafuta mkono wa dharura alioonyeshwa kwenye picha siku ya mafunzo, akakuta tangazo la sabuni. Alimnyang'anya abiria mmoja jembe jipya, halijatiwa mpini, akavunja dirisha la nyuma. Watu wakatoka mmoja mmoja. Zeituni, muuza vitambaa wa Matungu, alisukumwa na waliokuwa nyuma yake, akaangukia saruji ya daraja dogo la kando, akavunjika nyonga.

Habari ilimfikia Naliaka stooni. Alichukua glavu zake na kupanda pikipiki, akakuta vijana wa lori la kuvuta magari wanajiandaa kufunga mnyororo kwenye chuma kilicholowa, hawajui kwamba betri bado ina umeme wa kuua watu wote waliosimama pale. Aliwafukuza kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Akaingia majini na viatu vyake vya kanisani, akaukata umeme wa betri, ndipo akawaita. Hakuna aliyekufa siku ile, kwa sababu ya Sumaiya na kwa sababu ya Naliaka. Wiki iliyofuata Naliaka alitakiwa aeleze kwa maandishi ni kwa nini aliondoka stooni saa za kazi bila ruhusa.

Nasema tena, kwa walioruka mstari. Aliokoa watu, akaandikiwa barua.

Kamati iliundwa. Kabla haijanywa hata chai ya kikao cha pili, basi namba nne lilikuwa limeoshwa na kurudi barabarani. Baada ya wiki sita kamati ilitangaza chanzo cha ajali: mvua isiyo ya kawaida. Mvua isiyo ya kawaida, Kakamega! Hapa ambapo mtoto wa chekechea anajua kuanua nguo kabla ya saa tisa! Ripoti ya Naliaka, iliyoutaja mlango na kuutaja mpira wa betri wiki kumi kabla ya ajali, haikupewa hata nusu ya sentensi.

Julai mwaka huu walimrudisha yadini, si kwa toba, bali kwa sababu bwana aliyeletwa mahali pake aliomba uhamisho siku alipotakiwa naye aifuate ile desturi ya kupanda. Mara aliporudi Naliaka aliandika fomu mpya, yenye mlango, yenye mpira wa betri, yenye jaribio la maji, isiyo na moshi. Fomu hiyo iko katika droo ya mkurugenzi tangu Agosti. Tunaambiwa inajadiliwa. Barua ya onyo nayo bado imo katika faili yake, na atastaafu nayo.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Vile vyeti vya Machi vina sahihi mbili. Ya mkaguzi ni ya mkurugenzi, ambaye kanuni zinamruhusu kukagua ingawa sijawahi kumwona akiinama. Ya shahidi ni yangu. Mimi, Kageha, niliyefundishwa na Naliaka kwa miaka tisa, nilitia sahihi mara saba juu ya boneti ya gari la mkurugenzi, kwa kalamu yake, bila kupanda hata basi moja. Barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwake. Ilitoka wiki ile ile. Ndiyo maana ni mimi ninayechukua nafasi ya Naliaka, na ndiyo maana hasira iliyomo humu, mkiigawa, fungu kubwa ni langu. Nimejichukia kwa mwaka na nusu, na kujichukia hakujafungua mlango wowote.

Muda wa vyeti hivyo ulikwisha Machi, na tangu hapo mabasi yanatembea kwa barua za kuongezewa siku. Ya mwisho inakwisha usiku wa Jumatano hii. Kwa kuwa Naliaka anakabidhi kazi, Jumatano iliyopita vyeti vipya viliwekwa mezani pangu. Saba. Moshi: 1.3. Kikaratasi kilichobanwa juu kiliniomba niharakishe, kwa kuwa mabasi hayo ndiyo yatakayoleta wageni kwenye sherehe ya kumuaga Bi. Naliaka. Nilisoma mara mbili nikidhani ni mzaha. Si mzaha.

Nilivibeba nikampelekea, na kwa mara ya kwanza nikasema kwa mdomo wangu kwamba sahihi ya shahidi ilikuwa yangu. Alikuwa anapanga vikombe vyake kwenye katoni, wala hakusimama. “Najua tangu hiyo siku, Kageha. Mwandiko yako si mimi nilikufundisha kuandika ripoti?” Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. “Mimi sikuanguka kwa dirisha. Enda Matungu.”

Nilikwenda Jumapili. Nilibisha hodi, nikatoa salaam, Zeituni akaitikia kwa ukamilifu na kunikaribisha, kwa sababu hakujua mimi ni nani. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, fimbo kando yake. Vitambaa hauzi tena. Mzigo wa vitambaa unataka mtu wa kuubeba na kuzunguka nao sokoni, na kutembea kwake sasa ni kutoka kitandani mpaka pale mlangoni. Nilimweleza yote, mpaka kalamu na boneti. Hakunifukuza, na hakuniambia nimesamehewa.

“Na hiyo basi,” akauliza, “bado inabebanga watu?”

Nikasema ndiyo, bado.

“Sasa umekuja kuniambia nini?”

Kisha akaniamuru ninywe chai yangu isipoe.

Jana asubuhi, Jumatatu, niliwapelekea wakubwa jibu. Vyeti saba nimevirudisha bila sahihi, pamoja na ripoti ile ya kurasa mbili, fomu ya Naliaka, na maelezo yangu kuhusu nilichokifanya Machi mwaka jana, nakala kwa wote wanaostahili nakala. Mabasi yaletwe yadini. Nitalala chini ya kila moja, nitakata umeme, nitavuta mlango. Likifunguka, nitapanda. Lisipofunguka, litabaki. Mkurugenzi akitaka kutia sahihi tena, kalamu anayo, lakini shahidi atafute kwingine. Na barua ya onyo iliyo katika faili ya Naliaka itolewe. Kama ni lazima faili ya mtu fulani iwe na barua, yangu ina nafasi.

Bi. Naliaka, kitengo hiki kinakushukuru, hata wale ambao hawatathubutu kukushukuru hadharani. Umetufundisha kazi, na ulipoadhibiwa kwa kuifanya, wengi wetu tuliangalia viatu vyetu. Nenda Musanda ukapumzike. Mungu akujalie mapafu mepesi, magoti yasiyouma, wajukuu wenye kelele na jirani asiye na dizeli. Tunakuombea uishi sana, na uishi vizuri.

Tangazo kwa wageni wa Ijumaa: hakutakuwa na basi. Njooni kwa miguu.